Mwaka Kinyozi Alipopewa Shangazi

Kama kulikuwa na mtu aliyejua kuchagua chambo cha trauti katika lile ziwa la juu, lenye maji baridi ya kukata vidole, basi ni Fundi wa bomba. Hata waliomwonea wivu walilikubali hilo. Alisimama mlangoni, akatazama mawingu, akauliza mvua ilinyesha lini, kisha akasema bila wasiwasi: kesho maji yatakuwa na tope kidogo, chukua cha njano. Au: kesho jua litawaka, samaki watashuka chini kwenye ubaridi, chukua kizito kisichometa sana, maana trauti ni samaki mwenye shaka, kitu kikimeta kupita kiasi anakifuata mpaka karibu na mashua halafu anageuza na kwenda zake. Na ikawa hivyo hivyo alivyosema. Sasa ujuzi wote huo, bwana huyu aliutumia mwaka baada ya mwaka kumkosesha samaki ndugu yake wa tumbo moja.

Ngoja tulieleze vizuri, tusije tukamfanya mbaya kuliko alivyokuwa. Walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinyozi kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya tangu ndevu zake mwenyewe hazijaota. Utotoni waligombania kijiko kimoja cha chai, kilichotobolewa tundu na kufungwa ndoana, wakavutana nacho mpaka ndoana ikamwingia mmoja wao kidoleni. Mama yao hakuwa mtu wa vikao. Alitoa hukumu huku anafua, mapovu yamefika viwikoni.

"Wewe utamchagulia huyu, na huyu atakuchagulia wewe," alisema. "Kimoja kimoja, cha siku nzima. Atakayeleta kelele atabaki hapa kusugua masufuria."

Mama alidhani amewafundisha kutunzana. Kinyozi naye alielewa hivyo. Fundi alielewa vingine kabisa: aligundua kwamba ukimchagulia mwenzako chambo kibovu, samaki wanaobaki ziwani ni wako.

Mama alikufa, wao wakaoa, wakapata watoto, wakaota mvi, lakini hukumu ile haikukatiwa rufaa. Kila mwaka, ziwa likifunguliwa baada ya miezi ya samaki kuachwa wazaane, walikwenda siku ya kwanza. Jioni ya kuamkia safari walikaa kwenye meza ya jikoni kwa Kinyozi, wakafungua kopo la biskuti lililogawanywa ndani kwa vipande vya kadibodi, na kila chumba kina mkazi wake. Vyambo vyote vilikuwa vya kutengeneza, vya chuma, mbao na manyoya, na vingi walikuwa wamevipa majina. Kulikuwa na Mheshimiwa, kidude cha fedha kinachozunguka kwa kelele nyingi majini na kurudi bila kitu. Kulikuwa na Mpangaji, kisamaki cha mbao cha kijani, chenye jicho moja, kinachoogelea ubavu ubavu kama mtu aliyekunywa. Aliitwa Mpangaji kwa sababu alikuwa amekaa kwenye chumba chake miaka nenda miaka rudi na hajawahi kulipa kodi.

Na kulikuwa na Shangazi.

Shangazi alizaliwa kwenye karakana ya Fundi, kutokana na kipande cha bomba la shaba kilichobaki kazini. Fundi alikipasua, akakigonga kwa nyundo mpaka kikawa kama kijiko kisicho na mpini, akakikunja kidogo kwa koleo, na karibu na ndoana akapaka tone la rangi nyekundu. Hakujua alifanya nini sawa. Baadaye alijaribu kutengeneza wengine, akapima, akagonga, akakunja, na kila mmoja alizama kama msumari. Yule wa kwanza tu ndiye aliyejua kutembea. Alijivuta polepole, huku akitikisika kama samaki mdogo aliyeumia, na trauti wakubwa walishindwa kujizuia. Wakamwita Shangazi kwa sababu hakuwahi kuja mikono mitupu.

Kwa mujibu wa hukumu ya mama, Fundi hakuwa na ruhusa ya kujichukulia Shangazi mwenyewe. Ilibidi apewe. Na Kinyozi alimpa, hakuna mwaka aliomnyima. Mdogo ndiye aliyeanza kuchagua, basi alitia mkono kwenye kopo, akamtoa Shangazi, akamfuta kwa shati, akasema, "Huyu wako, kaka." Fundi naye akajifanya anafikiri. Akatazama dirishani, akahesabu mawingu, akajua kabisa trauti watataka nini kesho, kisha akampa mdogo wake kinyume chake. Mara nyingi alimpa Mpangaji. Inahitaji ujuzi mkubwa kukosea kila mara bila kubahatisha hata siku moja.

Kinyozi alicheka tu. Alikwenda ziwani na Mpangaji wake, akamrusha na kumvuta siku nzima, akarudi amebeba samaki wa kaka yake. Mkewe alimpokea mlangoni na swali lile lile, "Kakupa nini safari hii?" naye akajibu, "Mpangaji," wakacheka wote watatu mpaka majirani wakachungulia. Ulikuwa utani wa nyumba ile. Fundi aliupenda kuliko utani wowote, kwa kuwa haukumgharimu kitu.

Mwaka huo, wiki ya kufungua ziwa, shemeji yake, mke wa Kinyozi, alikuja karakana. Hakuwa na mazoea ya kufika pale. Alisimama kati ya mabomba na vipande vya vigae akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, kisha akakaa juu ya sinki lililopinduliwa bila hata kulifuta vumbi. Hapo Fundi akazima mashine.

"Shemeji, ni saratani ya kongosho," alisema. "Imeenea. Daktari ametuita mimi na binti, akasema hakuna cha kukata. Tumrudishe nyumbani, tumpe anachotaka."

Fundi alitafuta kitu cha kushika, akashika ufunguo wa kufungia nati.

"Yeye anajua?"

"Anajua ni vidonda vya tumbo. Ndivyo tulivyomwambia. Anakunywa uji wake na vidonge vyake, na kila siku ananieleza habari za kiti kipya cha kunyolea alichokiona mjini, kile kinachopanda na kushuka kwa kukanyaga. Anataka akinunue akipata nguvu." Alikaza mikono kwenye mkoba. "Akijua atalala asiamke tena, shemeji. Namjua. Mwache na kiti chake. Nakuomba usimwambie."

"Mimi?" Fundi alijibu, karibu aone ametukanwa. "Shemeji, mimi kazi yangu ni kuziba."

Na alikusudia kwa dhati. Tangu siku hiyo alichunga ulimi wake kama mtu anayebeba beseni la maji kwenye ngazi. Alimtembelea mgonjwa, akaongea habari za mpira, akamsifu kwamba shavu limerudi wakati shavu lilikuwa halipo. Lakini akiwa peke yake, chini ya sinki za watu, amelala chali na tochi mdomoni, jambo moja lilimrudia bila kumpa nafasi. Ndugu yake alikuwa hajawahi kumvua trauti mkubwa. Hata mmoja. Na aliyehakikisha hivyo ni nani? Alilia chini ya sinki la mwalimu mmoja mstaafu, mwenye nyumba akadhani maji yamemwingia machoni.

Basi akaamua. Mwaka huu Kinyozi atapata samaki, samaki wa kweli, wa kushika kwa mikono miwili. Angempa Shangazi.

Jioni ya kuamkia safari alifika mapema, jua bado lipo. Shemeji alikuwa amekwenda duka la dawa. Kinyozi alikuwa ameshaweka kopo mezani, na amevaa shati lake jeupe la kazini ambalo sasa kola yake ingeweza kuingiza shingo mbili. Aling'ang'ania kuinuka amlaki kaka yake, Fundi akamsukuma taratibu arudi kitini.

"Kaa, kaa. Mbona unanifanya mgeni?"

"Mgeni nani? Mimi nilikuwa naangalia kama umekuja na miguu yako au umebebwa. Umezeeka, kaka."

Walifungua kopo. Harufu ile ya kutu na rangi ikatoka, ya miaka yote. Kinyozi akanyoosha mkono kuelekea chumba cha Shangazi kama kawaida yake.

"Subiri," Fundi alisema. "Leo naanza mimi."

Mkono wa Kinyozi ukasimama hewani.

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Mkubwa si mimi?"

Akamtoa Shangazi, akamfuta kwa shati lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa chambo chochote cha mdogo wake, akamweka mbele ya Kinyozi juu ya kitambaa cha meza. Moyo wake ulijaa. Alijiona mtu mwema. Aliona haya kidogo pia, akaanza kueleza mambo ya hewa bila kuulizwa, kwamba kesho kutakuwa na mawingu mepesi, maji yametulia, shaba itapendeza sana.

Kinyozi alikitazama kile kipande cha shaba kwa muda. Alikigeuza kwa ncha ya kidole, akalitazama tone jekundu.

"Asante, kaka," alisema.

Kisha akachagua cha kaka yake, kile cha kahawia kinachozunguka polepole, ambacho kwa hewa ya kesho kilikuwa bora kuliko vyote vilivyobaki. Akafunika kopo. Akasema amechoka, atalala mapema. Fundi alirudi kwake akipiga mluzi, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikula akashiba.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, ukungu umeanza kuondoka upande wa milima. Walikodi mashua ile ile ya miaka yote, yenye kiraka cha bati kwa nyuma. Fundi alishika makasia. Kinyozi alikaa nyuma, amefungwa makoti mawili na skafu ya mkewe, kopo la vyambo miguuni, fimbo ya kuvulia imelala mapajani, na Shangazi ameshafungwa kwenye mshipi. Walifika pale ambapo maji ya kina kifupi yanakatika ghafla na kuwa meusi, mahali trauti wakubwa hupita kutafuta visamaki kabla jua halijapanda. Fundi akaacha kupiga makasia.

"Hapa," alinong'ona. "Rusha kuelekea yale majani. Mwache azame kidogo, halafu uvute polepole. Usiharakishe."

Kinyozi hakurusha. Alikuwa anamtazama kaka yake.

"Kaka."

"Naam."

"Kile kiti nisikinunue?"

Makasia yalikuwa yanadondosha maji ziwani, tone tone. Fundi aliyasikia yote.

"Kiti gani? Cha kunyolea? Kwa nini usikinunue?"

"Nakuuliza wewe."

"Nunua! Nunua, bwana, kwani... ukipata nguvu si utakinunua."

"Kaka, unanizungusha." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa sauti ile anayotumia kumwambia mteja ageuze shingo kidogo. "Mke wangu anajua kuficha. Binti yangu anajua kuficha, ingawa siku hizi akipiga simu anacheka mno. Daktari ndiyo kabisa, ananisomea majina ya dawa. Nikasema, hawa siwawezi. Ngoja niisubiri siku ya vyambo. Kaka akinipa Mpangaji, basi ni vidonda vya tumbo kweli, nitameza vidonge vyangu na nitapona. Wiki nzima nimekaa pale dirishani namwomba Mungu unipe Mpangaji."

Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kuziba, alikuwa amemwaga kila kitu mezani jioni iliyopita, bila kusema neno moja.

"Nilitaka upate samaki," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa nyembamba, hakuijua. "Siku moja tu. Nilitaka tu upate samaki."

"Najua."

"Sikuwa na nia nyingine."

"Najua, kaka. Ndiyo maana nilielewa."

Na hapo Fundi akaliona kosa lake lote, na halikuwa la jana. Angempa Shangazi mwaka mmoja tu kati ya ile yote iliyopita, mwaka wowote, kwa kusahau, kwa kulewa, kwa kumwonea huruma mtu mwenye mafua, basi jana kipande kile cha shaba kingekuwa chambo tu. Mtu angekipokea na kulala usingizi. Lakini alikuwa amemfundisha ndugu yake, kwa bidii na kwa uangalifu, kwamba wema wake hauji hivi hivi. Ulipokuja, mdogo wake aliusoma mara moja. Fundi alitamani kuingia majini. Aliyashika makasia mpaka vidole vikamuuma, akalia waziwazi, mtu mzima na mvi zake, katikati ya ziwa ambako hakuna mahali pa kujificha.

Kinyozi alimwacha alie. Alitazama pembeni, kama anavyotazama pembeni mteja anapojiangalia upara kwenye kioo.

"Ni muda gani?" aliuliza baadaye.

"Hawakusema. Si mrefu."

"Haya."

Alivuta skafu, akajiweka sawa, akashika fimbo.

"Sasa ulisema kwenye majani?"

"Kwenye majani," Fundi alisema, anajifuta pua kwa mkono wa shati. "Mwache azame."

Alirusha. Mkono ulikuwa hauna nguvu, Shangazi hakufika kwenye majani, akaanguka katikati ya njia. Akazama. Kinyozi akaanza kuzungusha mshipi taratibu, na maji yalikuwa safi kiasi kwamba wote wawili walimwona anakuja, anameta na kufifia, anameta na kufifia, anajitikisa kama aliyeumia.

"Kumbe ndivyo anavyotembea," Kinyozi alisema.

Miaka yote hiyo Kinyozi alikuwa amekaa mashua moja na Shangazi na hajawahi kumwona akitembea upande wake.

Alirusha tena, na tena. Mara ya nne au ya tano fimbo ilipinda ghafla, mshipi ukaanza kukimbia, na Kinyozi akapiga ukelele wa kitoto ambao uligonga milima na kurudi. Fundi aliruka, mashua ikayumba, akamshika mdogo wake kiunoni kwa mikono yote miwili asije akavutwa. Alizisikia mbavu zote, moja moja. Samaki aliruka juu ya maji, ubavu wake una madoa meusi na mstari wa waridi, akazama, akaruka tena. Walipambana naye hivyo, mmoja anazungusha, mwingine amemkumbatia, mpaka samaki akachoka kabla yao, jambo ambalo lilikuwa bahati. Fundi akamkinga kwa wavu.

Kinyozi alimshika kwa mikono miwili. Alikuwa anahema, uso umelowa, anacheka bila kuweza kuacha.

"Kaka, hivi ndivyo ulivyokuwa unajisikia?"

"Hivi hivi."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Kinyozi akatikisa kichwa kwa mshangao. "Raha kweli," alisema, na hakukuwa na chembe ya lawama ndani yake. Hicho ndicho Fundi alichoshindwa kukivumilia. Angetukanwa, angepumua.

"Kwa nini ulikuwa unanipa?" aliuliza. "Mimi nakupa Mpangaji, wewe unanipa Shangazi. Kila mwaka. Ungeninyima hata mara moja nipate akili."

"Mama alisema nikuchagulie."

"Alisema kuchagua. Hakusema kizuri."

Kinyozi alimtazama kama anayetafuta kuna mzaha gani ndani ya maneno hayo, akaukosa.

"Kwani kuna kuchagua kwa namna nyingine?" aliuliza.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Karibu na gati Kinyozi alikata mshipi, akamfunga Shangazi kwenye leso, akamsukumia kaka yake kwenye mfuko wa shati. Halafu akafungua kopo, akamtoa Mpangaji, akamfunga kwenye fimbo yake, fundo likamshinda mara mbili. Fundi alitaka kumsaidia, akakatazwa kwa macho. Hakuelewa mpaka walipofika nyumbani.

Shemeji alikuwa mlangoni, amevaa tabasamu lake la siku hizi. Alimwona samaki yule mkubwa, tabasamu likaganda. Akamtazama Fundi, kisha mumewe, kisha samaki. Aliuliza swali la miaka yote, lakini safari hii sauti ilikuwa ya mtu anayegusa maji kujua kama yanachemka.

"Kakupa nini?"

"Kanipa nini tena?" Kinyozi aliinua fimbo, na yule kisamaki wa kijani mwenye jicho moja akaning'inia mbele yao. "Si Mpangaji! Jana nimemwambia kaka, mimi mgonjwa, nionee huruma. Wapi! Basi leo Mpangaji kalipa kodi, mke wangu. Kalipa ya miaka yote kwa mpigo mmoja."

Kwanza mkewe alishusha pumzi, mabega yakamlegea. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia tangu siku ya daktari, na Kinyozi akacheka naye, anamwambia kesho ampeleke mjini wakakiangalie tena kile kiti.

"Shemeji, wewe una roho mbaya!" mkewe alisema akimpiga Fundi begani. "Hata mgonjwa humhurumii? Hubadiliki wewe?"

Kinyozi alimtazama kaka yake juu ya bega la mkewe, akisubiri.

"Sibadiliki, shemeji," Fundi alisema. "Ndivyo nilivyo."

Akampokea yule samaki, akaingia naye jikoni, akafungua maji kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaanza kumtoa matumbo akiwa amewapa mgongo.